Kivutio Humvutia Nani? Uhakiki wa Insha za Safari ya New York

Utangulizi

Katika toleo hili tunaomba wasomaji wetu waturuhusu kuhakiki maandishi ambayo kwa kawaida hayahakikiwi. Tumezoea kuandika juu ya riwaya, tamthilia na ushairi. Orodha ya vivutio ambavyo msafiri huambiwa avione kabla hajafika katika jiji kubwa la Marekani tunaiona kuwa jambo la watu wa utalii. Hata hivyo, orodha hiyo imeingia madarasani mwetu kwa mlango wa insha, na inapewa alama. Kwa hiyo inatuhusu.

Insha tunazozihakiki hapa ziliandikwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaojiandaa kuwa walimu wa Kiswahili. Wengi wao wanatoka Arua na Koboko. Swali lilikuwa hili: "Umepata nafasi ya kutembelea jiji la New York kwa siku tano. Eleza vivutio vitano utakavyochagua kuviona, na utoe sababu." Mwongozo wa kusahihishia ulitoa alama 10 kwa vivutio vitano, alama 5 kwa sababu na alama 5 kwa lugha. Insha moja, ya mwanafunzi wa Koboko, ilitaja sehemu mbili tu. Msahihishaji wa kwanza aliipa alama 7 kati ya 20. Msahihishaji wa pili aliipa 16. Tofauti ya alama 9 katika insha moja haiwezi kufukiwa kwa kutafuta wastani. Inaonyesha kuwa sisi wenyewe hatukubaliani juu ya kile tunachokifundisha. Makala haya yanakusudia kueleza msimamo wetu.

Neno lenyewe

Tuanze na mofolojia, kwa sababu hapo ndipo tatizo linapojitokeza wazi. Nomino "kivutio" imetokana na kitenzi "vutia", nacho kimetokana na "vuta" katika kauli ya kutendea. Kitenzi cha kauli hii hudai yambwa. Huwezi kusema "mlima unavutia" bila msikilizaji kuwa na haki ya kuuliza: unamvutia nani? Mlima Wati unamvutia mtalii anayependa kupanda milima. Mkulima anayelima chini yake unamvutia kwa namna nyingine, pengine kwa sababu huko ndiko anakoangalia mawingu ya mvua. Kivutio bila mtu anayevutiwa ni nusu ya sentensi.

Waandishi wa orodha za safari huitupa yambwa hiyo na kuweka badala yake neno "lazima". Tunasoma kuhusu "vivutio vya lazima". Ukilitazama kwa makini, fungu hili la maneno linajipinga lenyewe. Kinachovutia humfanya mtu aende kwa hiari, ilhali cha lazima hutekelezwa hata kama hakipendwi. Kodi ni ya lazima na mtihani ni wa lazima. Hakuna mpishi wa Arua anayetangaza utamu wa lazima.

Neno la pili linalopendwa katika orodha hizi ni "usikose". Hapa Kiswahili kina jambo la kutufundisha. "Kukosa" ni kutopata, lakini pia ni kutenda kosa. Msomaji anapoambiwa "usikose kuiona Sanamu ya Uhuru", maana zote mbili hufika masikioni mwake kwa pamoja. Akirudi bila kuiona, atajihisi kama mtu mwenye hatia. Tumewasikia watu waliorudi kutoka ng'ambo wakijitetea mbele ya jamaa zao kwa kutoona hiki au kile, kana kwamba wamerudi bila kutimiza ahadi. Hakuna aliyewatuma kuviona. Waliagizwa na orodha.

Insha zinazofanana

Sasa tuzitazame insha zenyewe. Nyingi zilitaja vivutio vilevile vitano, na mara nyingi kwa mpangilio uleule: Sanamu ya Uhuru, jengo la Empire State, Times Square, bustani ya Central Park na Daraja la Brooklyn. Hatuwalaumu wanafunzi kwa kutafuta habari. Mtu ambaye hajafika mahali hana budi kuwategemea waliofika. Kasoro iko katika sehemu ya pili ya swali, yaani sababu. Sababu iliyojirudia kuliko zote ni kwamba kivutio fulani "ni maarufu duniani". Hii si sababu, kwa kuwa inarudia swali kwa maneno mengine. Kitu kimo katika orodha kwa sababu ni maarufu, nacho ni maarufu kwa sababu kimo katika orodha. Mwanafunzi anazunguka mduara huo na hapati pa kutokea.

Jambo jingine tuliloliona ni la usimulizi. Msimulizi katika insha hizi hana mahali anapotoka. Hana mji wala lugha wala ndugu. Hana pia mfuko wenye kiasi fulani cha fedha. Anaweza kuwa mtu wa Tokyo au wa Oslo. Yeye anaangalia tu, na anachoangalia kimeshachaguliwa. Tunapomfundisha mwanafunzi fasihi, tunamsisitizia aulize nani anasimulia na anasimama wapi. Anapoandika yeye mwenyewe, tunaridhika asisimame popote, mradi ametaja vitu vitano.

Isieleweke kwamba tunavidharau vitu hivyo. Sanamu ya Uhuru, zawadi ya Wafaransa iliyozinduliwa mwaka 1886, ni kazi kubwa ya sanaa na ya uhandisi. Daraja la Brooklyn, lililofunguliwa mwaka 1883, linastahili kutembewa kwa miguu. Mwanafunzi wa Koboko ana haki ya kushangaa mbele ya jengo refu kama mtu mwingine yeyote. Anayedai kwamba Mwafrika aende New York kutafuta mambo ya Kiafrika tu anamwekea orodha nyingine ya lazima. Sisi tunachodai ni sababu.

Mfano mzuri tuliupata katika insha moja iliyochagua jengo la Empire State. Mwandishi wake, wa Arua, alieleza kwamba baba yake ni fundi wa kujenga, na kwamba nyumbani kwao amezoea kuona nyumba ikifika kwenye linta kisha ikasubiri miaka, mpaka fedha za mabati zipatikane. Halafu akasoma kwamba jengo lile la ghorofa 102 lilianza kujengwa Machi 1930 na kufunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Alitaka kwenda kulitazama ili ajue inawezekanaje kazi ya namna ile imalizike kwa muda unaozidi mwaka kidogo tu, na amweleze baba yake. Hapa kuna anayevutiwa, kuna kinachovutia, na kuna anayesubiri habari nyumbani. Kivutio ni kilekile walichokitaja wenzake, lakini insha ni tofauti kabisa.

Wasafiri waliotutangulia

Mtu anaweza kudhani kwamba sisi watu wa Afrika Mashariki hatuna desturi ya kuandika safari za kwenda nchi za mbali, na kwa hiyo hatuna budi kuiga orodha za wengine. Si kweli.

Tuchukue kwanza New York yenyewe. Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja, alituma huko merikebu yake iitwayo Sultana. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Na'aman. Merikebu iliwasili New York mwishoni mwa Aprili na kukaa hadi Agosti. Ilibeba tende, kahawa, karafuu, ngozi na pembe za ndovu, pamoja na zawadi kwa Rais Martin Van Buren. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulikuwa umekwisha kutiwa saini mwaka 1833. Baraza la mji lilimpokea mjumbe na kumtembeza, na mchoraji Edward Mooney alichora picha yake, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Salem, Massachusetts. Ahmad bin Na'aman alikwenda kuuza na kununua na kumwakilisha mkubwa wake. Kutazama mji kulikuja baada ya shughuli. Tena lazima tukumbuke kwamba watu wa New York walikuja bandarini kuwatazama mabaharia wa Sultana. Waliotoka Unguja kwenda kuona wakawa wao ndio kivutio.

Wa pili ni Salim bin Abakari, aliyesafiri Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller. Masimulizi yake yalitolewa kwa Kiswahili katika mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901. Mtumishi hachagui njia. Hata hivyo habari aliyoisimulia ni yake, si ya mwajiri wake, na ndiyo sababu sisi tunaisoma leo.

Wa tatu ni wa hapa Uganda. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alikwenda London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Katibu wake, Ham Mukasa, aliandika habari za safari hiyo kwa Kiganda, na tafsiri ya Kiingereza ya mmishonari Ernest Millar, aliyefuatana nao, ikachapishwa mwaka 1904. Mwaka 1975 Taban lo Liyong aliihariri na kuitoa upya. Wenyeji wa Kiingereza ndio waliopanga mengi ya yale ambayo wageni hao wangeonyeshwa, nao walipanga kwa shabaha ya kuwastaajabisha. Ham Mukasa alistaajabu kweli, wala hakuficha. Lakini hakuacha kumkumbuka msomaji wake wa Buganda. Alipokutana na kitu kigeni alikieleza kwa kukilinganisha na kitu cha nyumbani, ili mtu ambaye hatafika London apate kipimo.

Wasafiri hawa watatu hawakufanana kwa cheo wala kwa dini, na mmoja alisafiri kama mjumbe, mwingine kama mtumishi, mwingine kama katibu. Wanachoshirikiana ni kwamba kila mmoja alikuwa na mahali pa kurudisha habari. Katika desturi yetu safari hukamilika pale msafiri anapoulizwa habari naye akawa nazo.

Orodha iliyokuja West Nile

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao wanafunzi wa Arua na Koboko wanapaswa kuujua kuliko wengine. Orodha ya vitu vya lazima imewahi kuja kwetu pia, ikiletwa na mzaliwa wa New York.

Theodore Roosevelt alizaliwa katika jiji hilo mwaka 1858 na kuwa Rais wa Marekani kuanzia 1901 hadi Machi 1909. Mara baada ya kuacha urais alianza safari ya Afrika Mashariki pamoja na mwanawe Kermit, kwa niaba ya taasisi ya Smithsonian ya Washington iliyotaka wanyama kwa ajili ya makumbusho yake. Alishukia Mombasa Aprili 1909, akapita Kenya na Uganda, na mwezi Januari 1910 akapiga kambi ukingoni mwa Mto Nile, upande wa magharibi, karibu na pale panapoitwa Rhino Camp hadi leo. Wakati ule sehemu hiyo ilikuwa ndani ya Lado, eneo lililokuwa limekodishwa kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na halikuingizwa katika Uganda kwa jina la West Nile hadi mwaka 1914.

Kilichomleta Roosevelt huko kilikuwa kitu kimoja katika orodha yake ambacho hakukipata kwingine njiani: faru mweupe wa kaskazini. Yeye na mwanawe waliua 9, baba 5 na mwana 4. Katika safari nzima wanyama waliouawa na wawili hao walikuwa 512. Roosevelt hakuwa mjinga. Katika kitabu chake alichokitoa mwaka huohuo wa 1910 alikiri wasiwasi kwamba faru hao huenda wanaelekea kutoweka. Aliendelea, kwa sababu vilikuwa vitu vya lazima kwa makumbusho.

Hatusemi kwamba faru 9 wa mwaka 1910 ndio waliomaliza jamii nzima. Ujangili na vita vya miaka iliyofuata ndivyo vilivyofanya kazi kubwa zaidi. Katika Uganda faru weupe wa kaskazini waliisha katika miaka ya 1980. Dume wa mwisho duniani, aliyeitwa Sudan, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018, akiacha majike wawili tu, Najin na Fatu. Mtoto wa Arua anayetaka kujua mnyama aliyeupa mji wa Rhino Camp jina lake sharti amtafute katika picha au katika majumba ya makumbusho ya Wamarekani. Leo watu wengi wanalijua jina la Rhino Camp kwa sababu ya makazi ya wakimbizi.

Tunaleta historia hii katika uhakiki wa insha kwa sababu moja. Orodha huonekana kuwa kitu kisicho na madhara, karatasi tu ya msafiri. Lakini orodha humwambia mtu kitu gani mahali fulani kina thamani na, kwa kunyamaza, kitu gani hakina. Roosevelt aliijua thamani ya faru wa West Nile. Watu waliokuwa wakiishi naye hawakuwa katika orodha isipokuwa kama wapagazi na waelekezaji.

New York isiyomo katika insha

Mwanafunzi akiuliza swali la yambwa, yaani "kinanivutia mimi kwa nini?", New York yenyewe hubadilika. Tutoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni jumba la makumbusho ya viumbe na tamaduni, linalojulikana kama American Museum of Natural History, kando ya Central Park. Kuanzia 1940 palikuwa na sanamu ya Roosevelt mbele yake. Yeye amepanda farasi, na chini yake, kwa miguu, wamesimama Mwafrika mmoja na mwenyeji mmoja wa asili wa Amerika. Baada ya malalamiko ya miaka mingi, sanamu hiyo iliondolewa Januari 2022. Ndani ya jumba hilo mna vitu vilivyokusanywa na Herbert Lang na James Chapin kati ya 1909 na 1915 katika kaskazini-mashariki ya Kongo, yaani upande wa pili wa mpaka wetu, vikiwemo vitu vingi vya Wamangbetu. Mtu wa Koboko, ambaye hana haja ya kwenda mbali ili kukanyaga ardhi ya Kongo au ya Sudan Kusini, anaweza kukuta New York mikono ya majirani zake.

Mfano wa pili ni bustani ya wanyama ya Bronx. Orodha nyingi huipendekeza kwa familia zenye watoto, na hakika ni mahali pazuri. Lakini mwezi Septemba 1906 aliwekwa humo mtu kutoka Kongo, Ota Benga, katika nyumba ya nyani, ili watu waje kumtazama. Wachungaji weusi wa New York walipinga mpaka akatolewa. Alijiua mwaka 1916 huko Lynchburg, Virginia. Shirika linaloendesha bustani hiyo liliomba radhi hadharani mwaka 2020. Anayefundisha neno "kivutio" hana budi kujua kwamba liliwahi kumhusu binadamu.

Mfano wa tatu ni makaburi ya Waafrika katika sehemu ya chini ya Manhattan. Mwaka 1991, wajenzi wa jengo la serikali katika mtaa wa Broadway walifukua mifupa. Ikatambulika kuwa hapo ndipo Waafrika, watumwa na walio huru, walipozikwa kwa zaidi ya karne moja hadi mwisho wa karne ya 18. Inakadiriwa kuwa waliozikwa walikuwa 15,000 au zaidi. Mabaki ya watu 419 yaliyotolewa yalizikwa upya Oktoba 2003, na mwaka 2006 mahali hapo pakatangazwa kuwa ukumbusho wa taifa. Kuingia ni bure. Ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo mpaka kwenye Daraja la Brooklyn, ambalo karibu kila insha ililitaja.

Wanafunzi hawakuyajua hayo kwa sababu orodha walizozitegemea hazikuyapa nafasi. Kazi ya mwalimu ni kuwaonyesha kwamba orodha ina mwandishi, na kwamba mwandishi ana kwao.

Insha ya Koboko

Sasa turudi kwenye insha iliyozua mgogoro. Mwandishi wake alisema kwamba siku tatu za kwanza atakuwa kwa shangazi yake, anayefanya kazi ya kuwatunza wazee na kurudi usiku kwa treni ya chini ya ardhi. Mahali pa kwanza alipochagua kuona ni kituo ambacho shangazi hushukia. Sababu aliyoitoa ni kwamba akirudi Koboko bibi yake hatamuuliza juu ya sanamu. Atamuuliza: "Mwanangu anaishije huko?" Naye anataka kuwa na jibu ambalo ameliona kwa macho. Mahali pa pili ni Sanamu ya Uhuru. Mdogo wake anavaa fulana ya mitumba, iliyonunuliwa sokoni Arua, yenye picha ya sanamu hiyo na maandishi "New York". Alitaka kuona kama picha ya fulana ni ya kweli. Akaongeza kwamba ataitazama akiwa ndani ya kivuko cha Staten Island, kwa sababu amesikia kivuko hicho hakitozi nauli.

Msahihishaji wa kwanza aliona vivutio viwili, kimoja kikiwa "si kivutio". Kwa mujibu wa mwongozo, alikuwa sahihi. Wa pili aliona sababu mbili zilizo hai, msimulizi mwenye kwao, na habari ya kweli juu ya nauli inayoonyesha kwamba mwandishi alifanya utafiti kidogo. Sisi tunamuunga mkono wa pili, lakini si bila masharti. Kwanza, swali liliagiza vivutio vitano, na mwanafunzi anayejiandaa kuwa mwalimu lazima ajifunze kutii swali au kueleza kwa nini halitii. Hakueleza. Pili, siku mbili zilizobaki hazina mpango wowote. Tatu, upatanisho wa kisarufi ulimponyoka mara kadhaa, hasa katika ngeli ya KI-VI, jambo ambalo haliwezi kuachwa katika insha yenye neno "kivutio" katika swali lake. Tungempa 14.

Kuhusu kituo cha treni, tunasema bila kusita kwamba ni kivutio. Kinamvutia mtu anayejulikana kwa sababu inayojulikana, na kuna mtu nyumbani anayesubiri habari yake. Mwongozo unaokataa hilo unawafundisha walimu watarajiwa kwamba maisha ya jamaa zao waliohamia Marekani, na wako wengi kutoka West Nile na kutoka kambi za wakimbizi zinazoizunguka, hayafai kuandikiwa insha.

Hitimisho na mapendekezo

Kiswahili kiliwahi kujulikana West Nile kama lugha ya kambi za askari. Leo kinazungumzwa pia na wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Kongo kuja Arua. Mtaala mpya wa sekondari ulianza mwaka 2020, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wanafunzi tunaowasahihishia leo ndio watakaokwenda kukifundisha katika shule hizo. Wakiondoka hapa wakiamini kwamba insha nzuri ni orodha iliyonakiliwa, watoto wa Koboko, Maracha na Yumbe watajifunza Kiswahili kama lugha ya kunakili.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwongozo wa kusahihishia ubadilishwe: alama 5 kwa uteuzi, alama 10 kwa sababu na alama 5 kwa lugha. Idadi ya vivutio isizidi vitatu, ili mwandishi apate nafasi ya kueleza. Pili, kabla ya kuandika, mwanafunzi ajibu maswali matatu kwa sentensi moja moja: Kinanivutia kwa nini? Nani alikiweka katika orodha? Nikirudi, nitampa nani habari yake? Tatu, kila anayeandika juu ya New York aandike pia insha ya pili, yenye urefu uleule, akimshauri mgeni kutoka New York aone nini Arua na Koboko kwa siku tano. Tumeijaribu kazi hii kwa kundi moja dogo. Walianza na Mlima Wati na hifadhi ya Ajai, kama tulivyotarajia. Kisha mmoja akauliza kama anaruhusiwa kumpeleka mgeni Salia Musala, ambako mipaka ya nchi tatu inakutana, kwa kuwa hapo ndipo mama yake hupita kwenda kuuza mihogo. Tulimjibu kwamba anaruhusiwa, mradi atoe sababu.

Mwongozo unaopendekezwa utajadiliwa na idara kabla ya mitihani ya muhula ujao. Wenzetu ambao hawakubaliani nasi, hasa wale wanaoona kuwa 7 ilikuwa haki, tunawaomba waandike hoja zao katika toleo lijalo. Insha ya mwanafunzi wa Koboko, kwa idhini yake na bila jina lake, iko ofisini kwa anayetaka kuisoma na kuisahihisha mwenyewe.